Kifungu cha Mashine za Pumzi

Vijana wangu, kila uchaguzi unapokaribia hunijia wawili watatu kati yenu hapa kwangu Msambweni, mkakaa barazani mkaniuliza namna ya kuingia Bungeni. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza namna ya kuifanya kazi yenyewe akishaingia. Basi nimeona niandike lile ambalo hamkuniuliza. Nilikuwa mbunge kwa muhula mmoja tu, upande wa upinzani, na kabla ya hapo nilifundisha shule ya msingi kwa miaka mingi, ndiyo maana mpaka leo watu huniita Mwalimu. Kazi zote mbili nimestaafu. Ya shule nilistaafu kwa barua, ya Bunge nilistaafishwa na wapiga kura.

Mbunge wa upinzani hana wizara na hana ufunguo wa ghala lolote. Ana mdomo, ana karatasi, na ana haki ya kuuliza swali likajibiwa. Mtu akikujia akakwambia nguzo zimesimikwa kijijini kwao na waya haujapita, huwezi kupiga simu ukaamuru waya upite. Unaandika swali. Swali linakwenda kwa karani wa Bunge, karani analitazama kama limekaa sawa, linapangiwa siku, na Waziri anakuja kulijibu. Ukiliandika vibaya litajibiwa vibaya, na jibu likishaingia katika kumbukumbu za Bunge, kulirudia ni shida.

Swali langu la kwanza nililiandika vibaya sana. Nilitaka kujua ni lini watu wa kusini mwa pwani wangepata umeme wa kutegemewa, na serikali ilikuwa na mipango gani kuhusu wazee na wagonjwa. Nililisoma kwa sauti ya darasani, nikajiona nimesema. Waziri akasimama, akasema serikali inalijua jambo hilo na inalishughulikia, akakaa. Nilibaki nimesimama kama mtu aliyeachwa na gari kituoni.

Siku hiyohiyo niliitwa na karani mmoja wa kamati, Bwana Kimeu, mtu mzima wa kutoka Makueni aliyekuwa amebakiza miaka michache astaafu. Kwa sheria za kazi yake hakuwa na upande. Aliniambia nikae, akaliweka swali langu mezani na kulisoma polepole.

"Mheshimiwa," akasema, "swali hili lina milango kumi. Waziri ametoka kwa ule uliokuwa karibu naye."

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Uliza kitu kimoja, mahali pamoja, siku moja. Nenda mwenyewe ukaone kabla ya kuandika, wala usitegemee kuambiwa. Transfoma ina nambari yake, nguzo ina nambari yake, zinakili. Ukitaja nambari, Waziri atatuma mtu akaitazame, kwa sababu anaogopa kwamba wewe umekwisha kuitazama. Tangu siku hiyo nilitembea na daftari, nikawa napanda mawe na vichuguu vya Matuga nikikodoa macho kusoma rangi iliyochujuka kwenye nguzo. Watoto walinidhania fundi wa umeme. Mama mmoja aliniletea pasi yake iliyoharibika nimtengenezee.

Jambo jingine alilonifunza linahusu lugha. Bungeni ukianza kwa Kiswahili unamaliza kwa Kiswahili. Mimi nilikuwa nikijivunia Kiswahili changu cha pwani, mpaka siku nilipofika katikati ya hoja nikalikosa neno la kifaa fulani cha umeme na kulitamka kwa Kiingereza. Spika akanikatiza kwa adabu, akanikumbusha kanuni. Nikasimama pale natafuta neno, na upande wa pili wanacheka, mwisho nikasema "kile kidude kinachoruka moto ukizidi". Wizara ikajibu kwa maandishi kuhusu kidude kinachoruka. Kwa hiyo tayarisheni maneno yenu kabla ya kusimama.

Sasa niwaeleze jambo lenyewe nililokusudia.

Asubuhi moja alikuja ofisini kwangu Ukunda mama mmoja kutoka nyuma ya Tiwi, Bi Mesaidi. Watu wengi walikuja na haja nyingi kwa mpigo. Yeye alikuja na moja. Mumewe, Mzee Hamisi, alikuwa akipumua kwa mashine. Ilikuwa mashine ya kuwekwa chini kando ya kitanda, inayovuta hewa ya chumbani na kuichuja, ikampa oksijeni kwa mrija wa puani. Mashine hiyo hutumia umeme. Umeme ukikatika, inalia mara chache kisha inanyamaza. Kwa saa kama hizo walikuwa na mtungi mdogo wa oksijeni, ila mtungi huisha, na kuujaza ni mpaka hospitali.

Wiki iliyotangulia umeme ulikatwa mara mbili kwa ajili ya matengenezo, bila ya kuambiwa. Mara ya kwanza mtungi ulisaidia. Mara ya pili ulikuwa haujajazwa. Bi Mesaidi alikimbia barabarani, akapata tuktuk, yeye na jirani wakamketisha mzee katikati yao huku midomo imebadilika rangi. Mwenyezi Mungu akamfikisha hospitali salama.

Nilidhani atasema umeme usikatwe. Hakusema hivyo.

"Najua nyaya hutengenezwa," aliniambia. "Nataka kuambiwa mapema tu, nikajaze mtungi."

Nilikwenda kumwona Mzee Hamisi. Alikuwa mchimba mawe. Kwa miaka thelathini alikata matofali ya matumbawe kwenye timbo, kwanza kwa shoka, baadaye kwa msumeno wa mashine, na kuta nyingi za mahoteli ya Diani mnazoziona zilipita mikononi mwake. Vumbi la mawe hayo ndilo lililomkaa kifuani. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, na kila maneno matatu ilibidi anyamaze avute pumzi. Nikaandika jina lake, kijiji chake, nambari ya nguzo iliyo nje ya nyumba. Nilijiona nimejifunza kazi.

Baada ya siku chache Bunge lilikuwa likijadili mswada wa umeme, nami nikapewa dakika zangu. Nilimtaja Mzee Hamisi kwa jina lake na la babake. Nikataja kijiji. Nikasema "maskini huyu". Nikaeleza jinsi alivyobebwa kwenye tuktuk kama mtoto mchanga. Niliongea vizuri, nakiri. Wenzangu walipiga meza, na jioni redio za pwani zikaicheza sauti yangu mara kadhaa. Ijumaa nikateremka nyumbani nikiwa na furaha, nikapitia Tiwi nipokee shukrani.

Bi Mesaidi alinifungulia mlango nusu. Ndani, mzee alikuwa ameugeukia ukuta. Nilisalimu, akajibu salamu bila ya kugeuka. Sebuleni palikuwa na magunia mawili ya mchele na sukari, na mkeka mpya. Nikauliza kuna nini. Bi Mesaidi akanieleza kwamba wakwe zao wa Kinondo walisikia redioni, wakaja na vitu kama waendavyo watu matangani. Mafundi aliowafundisha mzee walikuja wakasimama mlangoni. Binti yao mdogo aliyeolewa Mombasa alipiga simu akilia, akidhani ameshachelewa.

Mwisho mzee akageuka.

"Mwalimu," akasema, "uliniuliza jina langu, ukaandika. Hukuniuliza kama naweza kutajwa." Akavuta pumzi. "Watu wameniletea mchele. Mimi sijafa."

Niliomba radhi. Sijawahi kuomba radhi nikiwa sina neno la kuongeza kama siku ile. Alisema msamaha amenipa, kisha akaniuliza kama maneno yale yameandikwa mahali. Nikamwambia ndiyo, yameingia katika kumbukumbu za Bunge, hayafutiki.

"Basi andika mengine baada yake. Andika mimi ni fundi. Na andika kwamba sikuomba kusaidiwa. Nimeomba kuambiwa."

Vijana, kosa hilo mtalifanya. Mtalifanya kwa nia njema, na mtapigiwa makofi mkilifanya, ndiyo maana ni kosa baya. Mtu anayekueleza shida yake chumbani kwake hajakupa ruhusa ya kuieleza nchi nzima. Muulize. Akikataa, tafuta njia nyingine ya kuisema.

Nilirudi Nairobi nikamweleza Bwana Kimeu yote. Hakunilaumu. Alisema hotuba nimeshaitoa, sasa nifanye kazi. Akaniambia nitafute wengine wenye mashine kama ile, tuandike ombi la wananchi lenye sahihi zao wenyewe, na tuiombe kamati ije Kwale isikilize. Ombi lina nguvu kuliko hotuba kwa sababu kamati inalazimika kulitolea ripoti. Nilizunguka na Bi Mesaidi majuma kadhaa, yeye ndiye aliyejua pa kugonga. Tukapata nyumba tisa, kuanzia Waa hadi Msambweni. Moja ilikuwa ya mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake. Kila nyumba niliuliza kwanza: naweza kulitaja jina? Watatu walikataa, nikaandika "mkazi wa Diani", "mkazi wa Kwale", nayo ilitosha.

Kamati ilikuja Kwale mjini, ikakaa katika ukumbi ulio pale kilimani. Nilimwambia Mzee Hamisi asisumbuke, tutalisoma ombi kwa niaba yake. Akakataa. Akaletwa kwa gari la jirani, amevaa kanzu iliyopigwa pasi na koti juu yake, mtungi kando. Tulimweka karibu na soketi ili mashine ifanye kazi. Afisa wa kampuni ya umeme, kijana mwenye adabu zake, alieleza kamati kwamba tangazo la kukata umeme hutolewa kila mara gazetini. Mzee akainua mkono. Mwenyekiti akamruhusu.

Aliuliza gazeti hilo linauzwa duka gani kijijini kwao. Afisa alipekua karatasi zake. Akasema, tena kwa heshima, kwamba kampuni haina njia ya kujua nyumba ipi ina mgonjwa wa mashine.

"Mita yangu mnaijua," mzee akasema. Ukumbi mzima ulimsubiri avute pumzi. "Kila nikinunua tokeni mnaijua. Pumzi yangu imewashinda nini kuijua?"

Hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti aliinama akaandika, na wanakamati wote wakaandika. Kwa miaka yote mitano ile sikuona tena wanakamati wote wakiandika kwa wakati mmoja.

Kutokana na siku hiyo tukatunga kifungu cha kuingizwa katika mswada. Kilikuwa na sehemu tatu. Kampuni iweke orodha ya nyumba zenye mashine za pumzi. Kabla ya kukata umeme kwa matengenezo, nyumba hizo zipigiwe simu siku mbili mapema. Na tatu, ofisi ya ustawi wa jamii ihakikishe kuna mitungi iliyojaa katika zahanati za karibu. Bwana Kimeu alikisoma, akabadilisha maneno mawili, akasema hakina mlango wa kutokea.

Tatizo lilikuwa jina langu. Kifungu cha upinzani hufa hata kikiwa kizuri. Kiranja wa upande wa serikali hupitisha neno, na watu wake hupiga kura ya hapana bila ya kukisoma. Siku mbili kabla ya kupiga kura, alinijia mbunge wa upande wao, daktari kwa taaluma, tuliyekaa naye katika kamati. Alikuwepo Kwale siku ile. Aliniambia waziwazi kwamba nikikileta mimi kitaanguka, akikileta yeye kitapita. Ila upande wake umemwambia sehemu ya mitungi iondoke, kwa sababu ina gharama.

Nilikasirika. Nilikunywa chai vikombe vitatu katika mkahawa wa Bunge na kila kimoja kilipoa mkononi. Nikaenda kwa wakubwa wa chama changu. Wao wakasema nisithubutu, jambo hilo ni silaha yetu ya uchaguzi, heri lianguke tuwaambie watu nani ameliangusha. Sitawadanganya kwamba maneno hayo hayakunishawishi. Yalinishawishi. Nilijua ni kweli.

Nikampigia simu Bi Mesaidi nikamwomba anipe mzee. Nilimweleza yote, ya daktari na ya chama. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kikiwa na jina la mtu mwingine," akauliza, "simu itapigwa?"

Nikamwambia itapigwa.

"Basi unaniuliza nini?"

Nikampa daktari kile kifungu, bila ya sehemu ya mitungi. Kilisomwa kwa jina lake, nami nikasimama kukiunga mkono kwa dakika mbili, sikumtaja mtu. Walioafiki wakawa wengi. Spika alimpongeza daktari kwa kuwafikiria wagonjwa, naye, nisimnyime haki yake, alinitazama, nikatikisa kichwa kwamba aache. Mwezi uliofuata chama changu kiliniondoa katika kamati ya nishati na kunihamishia kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango, ambako mtu husikia zaidi mazungumzo ya walinzi kuliko hotuba.

Mkiniuliza kama ningefanya tena, ningefanya, lakini si kwa haraka ile. Nilikubali kuiachia sehemu ya mitungi kwa sababu niliogopa daktari angebadili nia. Baadaye Bwana Kimeu aliniambia kwamba daktari angesubiri. Upande wao ulikihitaji kifungu kile kuliko nilivyodhani, maana habari za Kwale zilikuwa zimewafikia wapiga kura wao pia. Ningeshikilia siku moja zaidi, pengine mitungi ingebaki. Hilo linaniuma mpaka leo kuliko kiti cha nyuma.

Uchaguzi ukaja. Aliyenipinga alikuwa kijana mchangamfu, mwenye sauti nzuri na magari mengi. Alizunguka Ukunda na Kombani akiwauliza watu waoneshe kitu kimoja tu chenye jina langu. Watu walitazamana. Mimi mwenyewe ningeulizwa nisingeonesha. Nilishindwa vizuri, bila ya shaka yoyote, nikampigia simu nikamtakia heri.

Baada ya miezi michache nilikwenda Tiwi kumjulia hali Mzee Hamisi. Bi Mesaidi aliniambia nimefika siku ya umeme kukatwa. Simu ilipigwa juzi: utakatwa saa nne, utarudi saa saba. Mtungi ulikuwa umejaa, umesimama kando ya kitanda. Saa nne kamili mashine ikalia, ikanyamaza, mama akahamisha mrija hadi kwenye mtungi, na mzee akaendelea na hadithi yake kuhusu jiwe lililokuwa na chaza ndani yake. Sikuona hofu kwa yeyote kati yao. Nilikaa nikisikiliza, na moyoni nikasema, basi, imefanyika.

Saa saba ikafika, umeme haukurudi. Mzee akaacha kuzungumza ili asitumie pumzi. Sindano ya kipimo cha mtungi ilikuwa imeingia sehemu nyekundu. Bi Mesaidi akapiga nambari aliyopewa, akaambiwa mafundi wako njiani. Alipunguza hewa kidogo, akakaa akiitazama sindano. Nilikuwa nimekwisha kumtuma jirani akatafute gari. Saa saba na dakika arobaini mashine ikawaka. Mtungi wa pili, ule wa zahanati niliokubali uondolewe katika kifungu, ndio uliokosekana siku hiyo.

Nikarudi nyumbani nikaandika swali. Sentensi moja: nyumba za orodha, tarehe hiyo, dakika arobaini hizo, na mtungi wa akiba uko wapi. Jumatatu nikalipeleka Ukunda, kwenye ofisi ya yule aliyenishinda. Nilipanga foleni kwenye benchi pamoja na watu wengine, wakanishangaa. Zamu yangu ilipofika alisimama kwa aibu, akaniamkia, akanikalisha. Nikampa karatasi. Akaisoma mara mbili, akaniuliza afanye nayo nini.

"Isome kama ilivyo," nikamwambia. "Usiongeze kitu. Na kabla ya kuisoma, nenda ukaione nyumba."

Alikwenda. Hilo nampa. Na alipolisoma Bungeni, Waziri alitafuta pa kutokea akakosa, akaahidi mitungi katika zahanati zilizo karibu na nyumba za orodha. Ahadi si mtungi, kwa hiyo nilisubiri mpaka nilipokwenda mwenyewe zahanati ya Tiwi nikaiona miwili, imejaa, imefungwa kwa mnyororo ukutani. Ndipo nikapita kwa Mzee Hamisi kumpa habari.

Akaniuliza kama redioni jina langu lilitajwa. Nikamwambia halikutajwa.

"Langu?"

"Lako pia halikutajwa."

"Vizuri," akasema, akamwambia Bi Mesaidi anitilie chai.